Kitabu Kilichomtenga Blandina

Blandina Lazaro hakuwa mtu wa kupendwa upesi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mdomo usiozoea kuomba radhi. Wateja wa duka la stesheneri la mzee Yohani, nyuma ya stendi ya Karatu, walijua kwamba ukimpelekea barua iliyoandikwa ovyo atakusomea makosa yako mbele ya benchi zima kabla hajaanza kuichapa. Lakini walirudi, kwa sababu barua iliyopita mikononi mwake ilisimama wima. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewaandikia watu maneno yao: maombi ya kazi za hoteli, mikataba ya kukodi mashamba, ratiba za mazishi, wosia wa wazee walioletwa wameshikwa mikono. Alijua siri za nusu ya wilaya na hakuwahi kutoa hata moja.

Ya kwake mwenyewe aliyaandika umeme ulipokatika. Mashine zikinyamaza na wateja wakitoka nje kulalamika, Blandina alitoa daftari kwenye mkoba akaendelea na hadithi aliyoianza akiwa na miaka kumi na mitano, wiki aliyozikwa baba yake.

Ilikuwa riwaya ya kifalme, nyeusi kama masizi. Palikuwa na ufalme uliokaa chini ya bonde kubwa la duara, umefunikwa na ukungu, ambako Malkia Gwandai peke yake ndiye aliyejua kuita mvua. Lakini mvua haikuja bure. Kila alipoiita, alimsahau mtu mmoja aliyempenda: kwanza dada yake, kisha mama yake, hadi ikafika siku akapita mbele ya binti yake wa kumzaa akauliza, "Mtoto huyu ni wa nani?" Mumewe, Mfalme Dahai, alikuwa na kaka aliyeitwa Harimu. Harimu ndiye mzaliwa wa kwanza, lakini kiti alipewa mdogo, na donda hilo halikupona. Mfalme alipougua tumbo, Harimu aliificha mikokoteni yote ya ufalme ili mgonjwa asivushwe mto kwenda kwa matabibu. Mfalme akafa, Harimu akakalia kiti kabla ya kaburi kukauka.

Mtu wa Mbulumbulu, kijijini kwao Blandina, asingehitaji kuelezwa hao ni akina nani. Baba yake Blandina, Lazaro, alitoka katika nyumba ambayo zamani ndiyo iliyoombwa mvua. Bibi yake Blandina alipokuwa anakufa alimruka mwanawe mkubwa, Raphaeli, akamwachia mdogo kazi ya kutamka baraka ya kupanda. Watu wale ni Wakristo, Jumapili kanisani pamejaa, lakini mahindi yakianza kujikunja majani macho huelekea nyumba ile ile. Mwaka 1996 Lazaro aliugua tumbo siku mbili akafa. Raphaeli, aliyekuwa na gari aina ya pikapu, la pekee kijijini, akashika nafasi yake. Na pale msibani, kijana Blandina akiwa amebeba sinia la vikombe, alisikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake: "Gari lilikuwepo. Kaka mtu alilikatalia." Maneno hayo yalimwingia kama mwiba wa kisigino. Hakumwuliza mtu. Aliyaandika.

Aliyekitoa kitabu nje ni Fabian, mtoto wa Raphaeli, dereva wa magari ya watalii. Alikuja dukani kutoa kopi ya leseni, akaona rundo la karatasi Blandina alizokuwa amezibana kwa waya wa spirali, akafunua kurasa mbili akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Dada, hii umeandika wewe?"

"Iweke hapo."

"Naomba unitumie kwenye simu. Wageni wangu wakila mchana mimi nabaki garini nasinzia. Nitasoma."

Hakuna mtu aliyewahi kumwomba Blandina kitu alichotunga. Akamtumia.

Fabian alisoma siku tatu, akapiga simu akipiga kelele: "Dada, hiki kitu ni moto! Yule Harimu namchukia mpaka nashindwa kula!" Kisha, kwa kujivuna tu kwamba ukoo wao umetoa mwandishi, akakirusha kwenye kundi la ukoo la WhatsApp lenye watu mia na kitu. Hakumtambua baba yake ndani ya Harimu. Alizaliwa mwaka uliofuata mazishi. Hakuwahi kunong'onezewa kitu.

Wengine wa ukoo walimtambua Raphaeli kabla ya sura ya nne.

Siku ya kwanza kundi lilinyamaza. Siku ya pili mtu aliandika: "Kumbe tumefuga nyoka anayejua kuchapa." Siku ya tatu Blandina aliondolewa kundini, na Fabian akamtumia ujumbe mmoja: "Kwa nini hukuniambia ni baba?" Hakupokea simu yake tena.

Pengine ingeishia hapo kama mvua ingenyesha. Vuli ile haikunyesha. Desemba ikapita, maharage yakachomoza na kudumaa, vumbi jekundu likapanda juu ya paa. Watu wakaanza kuuliza kisa ni nini, na jibu lilikuwa tayari kwenye simu zao. Blandina ameandika mambo ya mvua. Ameyaweka kwenye karatasi, yanasomwa na walevi vilabuni. Mvua imekasirika. Kwamba maneno ya Malkia Gwandai aliyabuni mwenyewe, akiwa amekaa gizani karibu na mashine ya kopi, hakuna aliyetaka kulisikia.

Alipokwenda kumtazama mama yake Jumamosi moja ya Januari, alishuka kwenye gari akamkuta Eva, jirani aliyemnyonyesha alipokuwa mchanga, akichota maji bombani.

"Shikamoo, mama Eva."

Eva alimwaga ndoo nzima aliyokwisha kuijaza, kana kwamba maji yale yameingiwa na kitu, akageuka akaenda zake. Wanawake wengine walisogea mbali na bomba mpaka Blandina apite.

Mama yake, Martha, alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko anachambua mbegu. Ana miaka sabini na mmoja, mguu mmoja mzito, macho bado makali.

"Wiki mbili hakuna aliyekanyaga hapa," alisema bila kunyanyua kichwa. "Jana nimeomba mtu wa kunisaidia kusogeza gunia. Nimelisogeza mwenyewe. Umeandika nini wewe?"

"Hadithi, Aayo," alisema Blandina, kwa neno la kwao la kumwita mama.

"Nisomee."

"Ni ndefu."

"Nina kazi gani nyingine? Nisomee."

Blandina akasoma. Alisoma mchana ule wote na Jumapili yote, moshi wa jiko ukimchoma macho. Martha alisikiliza kama anayepokea ushahidi. Hakucheka mahali pa kuchekesha. Harimu alipoficha mikokoteni, alinyanyua mkono.

"Simama hapo. Nani alikwambia Raphaeli alikatalia gari?"

"Nilisikia msibani."

"Kwa nani?"

"Aayo, kila mtu anajua."

"Kila mtu." Martha aliweka ungo chini. "Gari lilikuja mpaka hapo kwenye mlango. Raphaeli aliliendesha mwenyewe, alishuka hata viatu hana. Mimi ndiye niliyelirudisha."

Blandina alidhani hakusikia vizuri.

"Nilikuwa nimekwenda kwa mganga," Martha aliendelea, na sauti yake haikutetemeka. "Mbali, upande wa Kansay. Nilimpa mtamba, mtamba pekee tuliokuwa nao, akanipa dawa na mwiko: mgonjwa asivushwe maji kabla ya siku tatu, akivuka dawa inageuka sumu. Kwenda hospitali lazima uvuke maji ya korongo. Raphaeli akasema, shemeji, mpandishe, anakufa. Nikamtukana. Nikamwambia unamtaka ndugu yako afe ili upate nafasi yake. Nikalala mbele ya tairi. Akaondoka. Usiku huo baba yako akafa."

"Na miaka yote hii—"

"Alisema hatamwambia mtu. Wiki ya pili akaja na plau akalima shamba letu la bondeni kama lake. Mimi nikamwangalia nikanyamaza. Ndivyo tulivyoelewana. Hakuna aliyeandika."

Blandina alitazama karatasi zilizokuwa mapajani mwake. Alihisi hasira aliyoionea aibu. Miaka ishirini na minane alikuwa amemlisha chuki mtu mmoja kama anavyolishwa ng'ombe wa maziwa, na sasa hakujua pa kuipeleka. Mama yake alikuwa amekaa mbele yake, mguu mzito umenyooshwa, akimtazama kana kwamba anasubiri kupigwa.

"Endelea kusoma," Martha alisema. "Nataka kujua yule binti wa malkia alipona au hakupona."

Mkutano wa ukoo uliitishwa Jumatano iliyofuata, asubuhi, kwenye uwanja wa kupuria ngano. Ukungu ulikuwa haujanyanyuka. Watu walitokea ndani yake mmoja mmoja wakiwa wamejitanda mablanketi, wakakaa kwa kumpa Blandina ubavu. Mtendaji wa kijiji aliombwa aje akasema mambo ya ukoo hayamhusu. Raphaeli aliketi kwenye kiti cha plastiki katikati, mzee wa miaka themanini, mikono juu ya fimbo. Fabian alisimama nyuma yake.

Mzee mmoja aliyeitwa Valeriani ndiye aliyesema kwa niaba ya wote. Blandina amemwita baba yake mkubwa muuaji. Ameitia mvua mdomoni mwa kila mtu. Atavichoma vitabu vyote hapa hapa, ataleta kondoo mweusi, na atasema mbele ya watu kama aliyoandika ni kweli au ni uongo.

"Sema," watu wakaitikia.

Blandina alikuwa amekesha siku tatu akiandaa maneno. Angesema kwamba hadithi ni hadithi. Angesema kwamba Harimu ni Harimu. Lakini alipomtazama Raphaeli aliona mdomo wa mzee ukichezacheza, na akaelewa kwamba mzee anaogopa. Kwamba anajua Martha amekwisha kusema, na anangoja kuona binti atafanya nini na siri hiyo. Ukweli ungemsafisha kuhusu gari. Ungemchafua kuhusu shamba. Na ungemwua Martha, si kwa panga bali kwa mgongo, kama Eva alivyomgeuzia yeye pale bombani.

"Ni uongo," Blandina alisema. "Baba mkubwa hakukatalia gari. Nilisikia maneno ya kipumbavu nikayaamini kwa sababu nilitaka kuyaamini. Nimemkosea."

Uwanja ulinguruma. Valeriani akauliza, "Basi nani aliyelikatalia?"

"Nimesema ni uongo. Nilitunga."

"Hata baba yako kuugua ulitunga? Kama gari halikukataliwa, mbona alifia nyumbani?"

Raphaeli aligonga fimbo chini mara moja. "Inatosha. Amekiri. Achome."

Ndipo alipowaudhi zaidi. Nakala tatu alizokuwa nazo alizitoa, akazirarua kurasa za Harimu na mikokoteni, akaziweka mbele ya mzee. Zilizobaki akazirudisha mkobani.

"Hizo za uongo chomeni. Nyingine sichomi. Mvua yangu sikuichukua kwenu, niliibuni. Kama ya kwenu imekatika, muulizeni mwenye nafasi ya kuiombea."

Fabian alimrukia. Wanaume wawili walimshika, lakini mkono wake ulikuwa umeshafika. Blandina aliondoka uwanjani na mdomo uliopasuka, na hukumu ilisomwa akiwa amewapa mgongo. Asikanyage boma la mtu yeyote wa ukoo. Asisalimiwe. Asile wala kunywa na mtu. Mama yake asipokee kutoka mkononi mwake chumvi wala moto, la sivyo adhabu imshukie naye.

Alidhani mama yake atashukuru. Martha alisikia habari hizo kwa simu.

"Hukuniuliza," alisema. "Umekwenda kunifichia kitu changu bila kuniuliza. Wewe na Raphaeli mnafanana." Akakata.

Miezi minne hawakuonana. Mzee Yohani alimwachia kazi yake, lakini wateja wa kutoka Mbulumbulu walianza kwenda duka la ng'ambo ya barabara, na wale waliokuwa hawana njia nyingine walimwekea karatasi mezani bila neno. Alichapa kadi ya harusi ya binamu yake, majina ya kamati nzima, akijua kila mmoja wao na akijua hataalikwa. Kuhusu mvua, ilikuja mwishoni mwa Machi, yote kwa mara moja, ikabeba udongo na mbegu ikavipeleka korongoni. Waliosema Blandina ameifunga wakasema sasa ameifungulia.

Katikati ya Mei, siku ya mnada, alipokuwa anafunga duka kwenda kula, aliona fimbo ikitangulia mlangoni. Martha aliingia akaketi kwenye benchi la wateja, amebeba kifurushi cha nguo na sufuria.

"Jumapili nimesimama kanisani baada ya matangazo," alisema. "Nimewaambia."

"Umewaambia nini?"

"Mganga. Mtamba. Tairi. Shamba pia. Kwamba Raphaeli alinifichia siri na mimi nikamlipa kwa ardhi ya watoto wangu. Padri alitaka kunikalisha, nikamwambia nikikaa sitasimama tena."

"Wakasemaje?"

"Eva alitema mate. Sikumlaumu, alimpenda sana baba yako, kila mtu alimpenda. Jumatatu nikakuta kuku wangu wote wamekufa. Jana wameng'oa mlango wa jiko." Alivuta pumzi. "Sasa tumetengwa wawili. Una chai?"

Blandina akamimina chai kutoka kwenye chupa. Alimpa mama yake kikombe mkononi, na Martha akakipokea. Alitaka kumshika bega, lakini hawakuwa watu wa kushikana mabega. Aliketi upande wa pili wa benchi.

Raphaeli alikuja wiki tatu baadaye. Alishuka kwenye bodaboda taratibu, akaingia bila kubisha, akamkuta Martha ameketi pale pale anakunja bahasha za kadi alizopewa na Yohani. Mzee alikuwa amekonda. Tangu siku ile ya kanisani watu walikuwa wameacha kumwita aje kubariki mbegu. Kuhusu gari walikuwa wamemsafisha, kuhusu shamba walikuwa wakimcheka, na kucheka kuliuma zaidi.

Hakumsalimu mtu. Alimtazama Blandina.

"Chapa barua," alisema. "Andika kwamba mama yako amezeeka, akili imemtoka, hajui alichosema kanisani. Aweke dole gumba. Nitaisoma mbele ya ukoo, nanyi mtafunguliwa wote wawili. Nitawarudishia mlango."

Blandina hakugusa mashine. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kukataa kumchapia mtu. "Mwulize mwenyewe, baba mkubwa. Amekaa hapo."

Raphaeli aligeuka kwa shida. Ilikuwa mara ya kwanza wazee wale wawili kutazamana tangu siri yao ilipotoka.

"Shemeji," alisema. "Ungeninyamazia. Mimi nilikunyamazia."

"Ulinyamaza ukiwa unalima," Martha alijibu. "Mimi nilinyamaza nikiwa na njaa. Akili zangu ninazo. Nakumbuka hata rangi ya shati ulilovaa siku uliyoleta plau. Nikutajie?"

Mzee hakutaka atajiwe. Alisema neno moja la Kiiraqw ambalo halisemwi kwa mjane, akatoka. Nje alimtukana na mwendesha bodaboda kwa kuchelewa kuwasha.

Shamba la bondeni hadi leo analilima Fabian, na mwaka huu ameongeza na la juu, lililokuwa la Martha. Hakuna aliyemzuia. Eva akija mnadani huvuka barabara kabla ya kufika dukani kwa Yohani. Mama na binti wanaishi chumba kimoja cha kupanga nyuma ya gereji, wanagombana juu ya chumvi na juu ya dirisha, na umeme ukikatika Blandina anaandika.

Amemfuta Harimu. Sasa ni Malkia Gwandai mwenyewe anayeirudisha mikokoteni, akilala mbele ya magurudumu, kwa sababu ameamini maneno ya mganga aliyemponza. Alipomsomea mama yake sura hiyo mpya, Martha alisikiliza hadi mwisho akiwa anamenya viazi.

"Huyo malkia wako analia mno," alisema. "Mimi sikulia. Nilikuwa na uhakika. Andika hivyo, kwamba alikuwa na uhakika."

Blandina akakata mistari ya machozi, akaandika upya.